Klachi ya Mafuta Inavuja kwenye Gari Ulilojiundia: Tafuta Tone Kwanza, Spana Baadaye

Maswali ni yaleyale na hayaishi kurudi. "Kikopo cha klachi kinapungua, lakini chini ya gari sioni kitu." "Nimebadilisha masta silinda na bado inavuja." "Nimetoa upepo mpaka mguu umekufa ganzi, pedali bado laini." Nimeona nikae niyajibu mara moja, hatua kwa hatua, ili anayeanza asipite njia niliyopita mimi. Nilinunua masta mbili kabla ya kugundua kwamba ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kinavuja ni nati ya paipu yenye uzi wa milimita, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeilazimisha kuingia kwenye tundu la uzi wa inchi.

Kisa hicho ndicho kiini cha mwongozo huu. Gari la kiwandani, vifaa vyake vya klachi vimebuniwa pamoja tangu mwanzo. Gari la kujiundia, lile unalonunua vipande vipande na kuliunganisha nyumbani, mara nyingi lina pedali na masta za kampuni moja, gia boksi na sleva vilivyotolewa kwenye gari jingine, na paipu uliyoikunja kwa mikono yako. Kila mahali ambapo kifaa cha huku kinakutana na kifaa cha kule ni pa kushukiwa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo usinunue hata spea moja mpaka uwe umeliona tone likitoka, kwa macho yako.

Mfumo wenyewe, kwa maneno machache

Ukikanyaga pedali, fimbo inasukuma pistoni ndani ya masta silinda, ambayo hupata mafuta yake kwenye kikopo. Mafuta yanapita kwenye paipu ngumu, kisha kwenye hosi inayonyumbulika, mpaka sleva silinda iliyoko kwenye gia boksi. Pistoni ya sleva inasukuma mkono wa klachi na klachi inaachia. Mafuta yakipungua au upepo ukiingia, sleva haitembei vya kutosha, na gia zinaanza kulia. Hayo yanatosha kwa kazi ya leo.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Jeki na stendi imara za kubebea gari. Jeki peke yake si ya kulalia chini yake.
- Ringi spana zenye mdomo uliokatwa, zile za nati za paipu. Spana ya kawaida inashika pembe mbili tu za nati, na nati za paipu ni laini. Ikishateleza mara moja umejiongezea kazi.
- Mafuta mapya ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika pia kwenye klachi hii, kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, angalau nusu lita.
- Washa mpya za shaba kwa ajili ya bolti za banjo, zile zenye tundu katikati zinazofunga jicho la hosi.
- Kipimo cha nyuzi za bolti na kalipa ya kupimia vipenyo. Kwenye gari la kiwandani ungeweza kufanya kazi bila hivi. Kwenye gari lako usithubutu.
- Kifaa cha kupanulia midomo ya paipu na kikata paipu cha gurudumu.
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa safi, na bomba kubwa la sindano.
- Poda ya mtoto, brashi ndogo, tochi, karatasi nyeupe za kufutia.
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na ndoo ya maji safi karibu yako.
- Mtu wa kukanyaga pedali.

Kuhusu aina ya mafuta: soma kifuniko cha kikopo na maelezo ya aliyetengeneza masta. Nyingi zinatumia DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1, ambazo ni za jamii moja na zinavumiliana. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo tatu, ingawa jina linakaribiana sana na 5.1. Kuna pia magari machache, yakiwemo ya Citroën ya zamani, yanayotumia mafuta ya madini ya kijani yanayoitwa LHM; mfumo huo una raba za aina nyingine kabisa. Ukitia mafuta ya madini kwenye raba za DOT 4 zitavimba kama mkate uliolowa maji, na kila raba ndani ya mfumo itakuwa ya kutupa.

Tahadhari tatu

Mafuta ya breki yanababua rangi. Gari lako huenda ni la faibaglasi uliyoipaka rangi kwa miezi. Funika kila kitu kilicho chini ya masta, na tone likidondoka mwagia maji mengi papo hapo. Usifute kwa kitambaa kikavu, utalisambaza. Maji yanalichukua vizuri kwa sababu mafuta haya huyeyuka ndani ya maji.

Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi kwa dakika nyingi, kisha muone daktari.

Na angalia kama klachi na breki zinanyonya kwenye kikopo kimoja. Viwanda vinavyofanya hivyo huweka tundu la klachi juu zaidi, ili klachi ikivuja breki zibakiwe na akiba. Aliyejiundia huenda alitoboa au kuunganisha chini kabisa bila kulijua hilo. Kama kikopo ni kimoja na kuna mvujo, gari lisitoke hapo lilipo mpaka kazi iishe.

Hatua ya 1: Jua kinachodondoka ni nini

Watu wameshusha gia boksi kwa sababu ya tone la oili ya injini. Chukua tone hilo kwenye kidole chenye glavu. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, na yakiwa mapya yana rangi ya asali hafifu.

Bado una shaka? Dondosha kwenye glasi ya maji. Oili itaelea juu kama utando. Mafuta ya DOT 3, 4 na 5.1 yatazama na kupotea ndani ya maji. Jaribio hili halikugharimu chochote na linaweza kukuokolea siku nzima.

Hatua ya 2: Safisha, kausha, pakaa poda

Nyanyua gari, liweke kwenye stendi, kisha safisha mfumo wote kutoka kwenye kikopo hadi sleva. Tumia dawa ya kusafishia breki kwenye chuma, na maji ya sabuni kwenye sehemu zilizopakwa rangi. Kausha kabisa. Kisha chukua brashi na upake poda nyembamba kwenye kila kiungo: shingo ya kikopo, nati ya masta, kila muungano wa paipu, ncha zote mbili za hosi, bolti ya banjo, nipeli ya sleva (kile kiskrubu cha kutolea upepo).

Usiruke hatua hii. Mafuta hushuka, hufuata paipu, huzunguka bano, kisha hudondoka mahali pasipo na hatia. Ukiangalia tone la mwisho utamlaumu sleva wakati mwenye makosa yuko nusu mita juu yake.

Hatua ya 3: Kanyaga, shikilia, tazama kuanzia juu

Jaza kikopo. Msaidizi akanyage pedali taratibu mpaka chini na aishikilie kwa dakika nzima, kisha aachie. Rudieni mara kumi. Wewe tembea na tochi kutoka juu kwenda chini.

Mvujo kwenye poda unaonekana hivi: kwanza sehemu nyembamba kando ya nati inageuka kijivu, kama karatasi iliyoguswa na jasho. Kisha kijivu kile kinang'aa. Halafu mstari mwembamba unaanza kushuka ukichora njia yake kwenye poda nyeupe. Mara nyingine unatokea tu wakati pedali imeshikiliwa chini na unakoma ikiachiwa. Ndiyo maana nasema ashikilie. Sehemu yenye unyevu iliyo juu kuliko zote ndiyo chanzo. Iliyoko chini yake ni mapito tu.

Kama hapakutokea kitu, weka karatasi nyeupe chini ya gari, chora alama ya usawa wa mafuta kwenye kikopo kwa kalamu ya wino, na uache usiku kucha.

Hatua ya 4: Angalia sehemu zinazojificha

Kuna sehemu tatu ambazo poda haifiki.

Ya kwanza ni nyuma ya masta, ndani ya gari. Sili ya nyuma, ile raba ya kuzibia, ikichoka, mafuta yanafuata fimbo na kushuka kwenye mkono wa pedali hadi kwenye zulia. Mtu anayesema "kinapungua lakini chini sioni kitu" apeleke mkono hapo kwanza. Kwenye magari ya kujiundia sehemu ya miguu huwa finyu na imefunikwa. Ng'oa kifuniko ukaone.

Ya pili ni ndani ya buti ya raba ya sleva, kile kifuko kinachofunika ncha ya pistoni. Ivute kidogo. Unyevunyevu wa grisi ni kawaida. Mafuta yakimwagika ukiivuta, sili ya pistoni imekwisha.

Ya tatu ni sleva ya ndani, ile ya mviringo inayoizunguka shafti ndani ya nyumba ya klachi. Ikivuja, mafuta hutokea chini ya makutano ya injini na gia boksi, na huwezi kuiona bila kuvitenganisha. Kabla ya kufikia uamuzi huo hakikisha kwamba viungo vyote vya nje ni vikavu, kwa sababu muungano wa paipu ulio juu ya nyumba ya klachi unaweza kushusha mafuta palepale.

Hatua ya 5: Toa mafuta, fungua kiungo

Nyonya mafuta ya kikopo kwa bomba la sindano. Weka vitambaa na chombo chini ya kiungo. Fungua kwa ringi spana, na kama kiungo kina upande wa pili, ushikilie kwa spana nyingine ili usikunje paipu. Ziba ncha zilizo wazi kwa vizibo safi. Vumbi likiingia ndani litakwaruza sili.

Kosa la kawaida hapa: kuona mvujo na kuongeza kukaza. Kama kiungo kilishakazwa vizuri na kinavuja, tatizo ni mdomo wa paipu, kiti ambacho mdomo huo unakalia, au uzi. Kukaza zaidi kutapasua mdomo wa paipu au kung'oa uzi wa masta ya alumini, na hapo masta nzuri imekufa kweli.

Hatua ya 6: Kagua uzi na kiti

Hapa ndipo ninapoomba usikimbie, maana ndipo magari yetu yanapotofautiana na mengine yote.

Paipu ya klachi yenye kipenyo cha inchi 3/16, yaani milimita 4.75, hufungwa kwa nati za aina mbili zinazofanana mno kwa macho. Moja ni 3/8 UNF, ya uzi wa inchi, yenye nyuzi 24 kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 9.525. Nyingine ni M10, ya uzi wa milimita, yenye hatua (umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata) ya milimita 1. Nyuzi 24 kwa inchi ni sawa na hatua ya milimita 1.058. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba zinadanganyana. Nati ya M10 kwenye tundu la 3/8 itaingia mzunguko mmoja au miwili kisha itagoma, na mtu atadhani ni uchafu, atatia spana. Nati ya 3/8 kwenye tundu la M10 itaingia hadi mwisho kwa ulegevu, itaonekana imekaa, kisha siku moja uzi utaachia ukiwa umekanyaga klachi.

Kanuni yangu ni hii: nati lazima iingie kwa vidole, bila kutikisika na bila kugoma, angalau mizunguko minne, kabla ya spana kuigusa. Isipoingia hivyo, pima kwa kipimo cha nyuzi pande zote mbili. Kama hazilingani, tafuta adapta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo au badilisha nati ya paipu.

Uzi ukikubali, angalia kiti. Mulika ndani ya tundu. Ukiona koni ndogo imesimama ndani kama kilima, inataka mdomo uliopanuliwa kama tarumbeta na kukunjwa mara mbili, wa pembe ya digrii 45. Ukiona tundu limechimbwa kama shimo la koni, linataka mdomo wa duara kama kifungo, ule wa magari mengi ya milimita. Mdomo wa tarumbeta kwenye kiti cha shimo utavuja, hata ukaze vipi. Tahadhari nyingine: vifaa vya mashindano vya mfululizo wa AN au JIC vina koni ya digrii 37. Uzi wa saizi ndogo unaweza kufanana kabisa na wa nati ya kawaida, ukafunga vizuri, na bado digrii 37 zikalala juu ya digrii 45 kwa kugusana mstari mmoja tu. Mvujo wa namna hii ni wa polepole, wa kukatisha tamaa, na kwa macho kila kitu kinaonekana sawa.

Ukikutana na uzi wa NPT wa 1/8, ule unaopungua kuelekea mwisho, huo unaziba kwa uzi wenyewe na unahitaji gundi ya majimaji inayostahimili mafuta ya breki. Viungo vingine vyote vinaziba kwa mdomo au washa. Usivifunge utepe mweupe wa mafundi bomba: hauzibi kitu pale, na vipande vyake husafiri mpaka kwenye vitundu vidogo vya masta.

Hatua ya 7: Tengeneza mdomo upya

Kata paipu kwa kikata cha gurudumu, si kwa msumeno. Ondoa ukali wa ndani na nje, puliza vumbi la chuma litoke. Sasa ingiza nati kwenye paipu, ikiangalia upande unaotakiwa, *kisha* panua mdomo. Kila mtu amewahi kumaliza mdomo mzuri na kukuta nati iko mezani.

Mdomo uliokamilika uwe katikati ya paipu, laini, bila ufa wala mkwaruzo. Ukiwa umeegemea upande mmoja, kata uanze tena. Usipoteze muda kuukaza kwa matumaini. Fanya mazoezi kwenye vipande viwili vitatu vya paipu chakavu kwanza. Paipu ya shaba na nikeli ndiyo rahisi kwa anayeanza. Haishiki kutu na inakunjika bila kubishana.

Kama kitabu cha gari hakisemi vinginevyo, nati ya paipu ya ukubwa huu hukazwa karibu Nm (niutoni mita) 14 hadi 18. Ni nguvu ya kiganja, si ya bega.

Hatua ya 8: Bolti ya banjo

Washa ni mbili, moja kila upande wa jicho la hosi. Kusahau ya pili ni kosa la kawaida sana. Weka mpya. Kama huna, ya shaba inaweza kulainishwa tena: ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, isugue kwa msasa mwembamba kwenye kioo hadi iwe bapa. Ya alumini ikishatumika itupe. Pitisha ukucha kwenye nyuso za sleva na banjo. Mkwaruzo unaokatiza uso kutoka ndani kwenda nje ni mfereji tayari.

Hatua ya 9: Masta au sleva yenyewe

Kama tone limethibitisha kwamba ni silinda, itoe. Kwenye masta, chomoa pini ya pedali, fungua paipu, kisha bolti mbili za kuishikilia. Bonyeza pistoni ndani kidogo, toa klipu, vuta pistoni taratibu.

Mulika ndani ya silinda. Ikiwa inang'aa na ukucha haukwami popote, sili mpya zinatosha. Ukiona vishimo vya kutu, nunua silinda nzima. Sili mpya juu ya vishimo hazitakaa muda mrefu. Osha kwa mafuta mapya ya breki. Petroli, mafuta ya taa na oili ya injini vyote vinaharibu raba. Sili ziingie zikiwa zimelowa, midomo yake ikitazama upande wa shinikizo, bila kusukumwa na bisibisi.

Kwa sleva ya ndani, gia boksi itashuka. Ukishafika huko badilisha sleva na beringi yake kwa pamoja, na ukague diski na sili ya nyuma ya injini. Msikanyage pedali gia boksi ikiwa nje, pistoni itaruka.

Hatua ya 10: Jiulize kwa nini ilivuja

Injini hutikisika kwenye raba zake, fremu haitikisiki. Kati ya hivyo viwili lazima kuwe na hosi inayonyumbulika. Paipu ngumu iliyounganishwa moja kwa moja hadi kwenye sleva itachoka na kupasuka nyuma ya nati. Vilevile hosi isiguse paipu ya ekzosi wala isisuguane na fremu. Iangalie injini ikiwa inaunguruma, kisha mtu akanyage kidogo akselereta uone inavyojinyonga.

Jambo jingine, na ninalipa uzito: pedali nyingi za magari haya hazina kizuizi cha mwisho. Mguu unaenda mpaka sakafuni, sleva inasukumwa kupita kiwango chake, sili inavuka ukingo na kuanza kuvuja. Weka kizuizi chenye bolti, ukirekebishe ili pedali isimame mara tu baada ya klachi kuachia kabisa.

Kisha rekebisha fimbo ya masta iwe na uhuru wa kama milimita moja kabla ya kugusa pistoni. Isipokuwa na uhuru huo, pistoni haitarudi nyuma ya kitundu cha kurudishia mafuta. Joto likipanda, shinikizo linabaki ndani, na klachi inaanza kuteleza.

Hatua ya 11: Toa upepo

1. Hakikisha nipeli ya sleva iko juu kuliko tundu la mafuta. Kwenye gia boksi iliyogeuzwa au sleva iliyofungwa kwa bano la kujitengenezea, mara nyingi iko chini. Hapo fungua sleva, ishike nipeli ikitazama juu, na ufunge pistoni kwa kibano isitoke.
2. Jaza kikopo. Vika mpira kwenye nipeli, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.
3. Msaidizi akanyage taratibu na kushikilia. Fungua nipeli robo mzunguko. Mafuta yakitoka, funga. Ndipo aachie. Pedali isiporudi yenyewe, aivute kwa mkono.
4. Rudieni mpaka mapovu yaishe, mkijaza kikopo kila baada ya mikanyago mitano. Kikopo kikikauka mmerudi mwanzo.
5. Mapovu yakigoma, sukuma mafuta kutoka chini: jaza bomba la sindano, lifunge kwenye nipeli, sukuma polepole kuelekea juu. Upepo hupenda kupanda. Mtu awe juu anyonye kikopo kisifurike kwenye rangi.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe, hata yakionekana safi. Yamebeba upepo mdogo na unyevu. Yakusanye kwenye chombo chenye kizibo uyapeleke kunakopokelewa oili chafu.

Hatua ya 12: Jaribu

Kausha kila kitu, pakaa poda upya, shikilia pedali chini dakika moja, tazama. Kisha washa injini, kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, tia gia ya rivasi. Ikiingia bila kulia, klachi inaachia. Teremsha gari, endesha polepole karibu hadi injini ishike joto, rudi, nyanyua, kagua tena likiwa bado moto. Viungo vingine hufunga baridi na kuachia moto.

Bado kuna tatizo?

*Pedali inazama taratibu ukiishikilia, na kila kiungo ni kikavu.* Sili ya ndani ya masta inapitisha mafuta kurudi kwenye kikopo. Hakuna tone litakaloonekana nje. Masta ifunguliwe.

*Pedali laini, ukiipampu inapanda.* Upepo bado upo. Tafuta mahali ambapo paipu imepanda kisha ikashuka kama kilima. Upepo unakaa kileleni. Ibadilishie njia.

*Pedali ni imara, si laini, lakini gia zinalia.* Kama ulibadilisha masta au sleva, pima vipenyo. Masta ya inchi 3/4 ikitembea milimita 25 inasukuma takribani mililita 7.1 za mafuta. Kwenye sleva ya inchi 7/8 hiyo ni safari ya milimita 18 na nusu hivi. Ukiweka masta ya inchi 5/8, safari inashuka hadi karibu milimita 12.8, na huenda klachi yako haitosheki na hizo. Pedali itakuwa nyepesi, jambo linalompendeza mtu, lakini gia haitaingia.

*Klachi inateleza baada ya kazi.* Rudi kwenye fimbo ya masta na ule uhuru wa milimita moja. Kisha kagua hosi: ya zamani huvimba ndani na kuzuia mafuta kurudi. Kama uliwahi kuibana hosi kwa koleo ili kuzuia mafuta, ibadilishe bila kujiuliza.

*Nipeli inalia mafuta kidogo baada ya kufungwa.* Yafute kwanza. Mara nyingi ni yale yaliyobaki ndani ya kitundu chake. Yakirudi, ncha ya nipeli au kiti chake kina mkwaruzo. Weka nipeli mpya ya uzi uleule, na upime uzi kabla ya kununua.

*Mafuta yamekuwa meusi ndani ya wiki chache.* Raba inaliwa. Ama mafuta ya aina isiyofaa yaliingia, ama sili zilioshwa kwa petroli. Suuza mfumo wote na ubadilishe kila raba, pamoja na hosi na ile ya kifuniko cha kikopo.

Chora alama mpya ya usawa kwenye kikopo siku ya kwanza, na uiangalie kila unapofungua boneti kwa wiki ya kwanza. Usawa ukipanda kidogo kadiri diski ya klachi inavyolika usishtuke, sleva nyingi za nje hufanya hivyo. Ukishuka, toa tena ile brashi na poda.